Usimfungie mlevi nyumbani: uraibu wa pombe ni ugonjwa

Swali ambalo kina mama huniuliza mara nyingi hapa Munyaka, mjini Eldoret, ni hili: "Daktari, nikimfungia mume wangu ndani siku tatu asione pombe, si ataacha?" Jibu ni kwamba siku hizo tatu zaweza kumuua. Ili tuelewe sababu, yafaa kwanza tujue ugonjwa huu huanzaje na huendeleaje.

CHANZO

Si kila mtu anayekunywa pombe huwa mraibu. Uchunguzi wa familia na mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari hiyo hurithiwa. Kwa hiyo mtoto wa mlevi ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Sehemu nyingine hutokana na maisha yenyewe: pombe kupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, ukosefu wa kazi, marafiki, kufiwa, na majeraha ya moyoni kama yale ambayo machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwaachia wengi hapa Eldoret. Umri pia una uzito wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanaoanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15 wako katika hatari ya kuwa waraibu mara nne zaidi ya wanaosubiri hadi wapitishe miaka 20. Kumwonjesha mtoto busaa kwenye sherehe, basi, si mzaha.

UGONJWA UNAVYOENDELEA

Hatua ya kwanza haionekani kama ugonjwa. Mtu aliyekuwa akilewa kwa chupa mbili sasa anahitaji sita, na wenzake humsifu kwamba anaimudu pombe. Hiyo si nguvu. Ni dalili kwamba ubongo wake umeanza kuizoea.

Katika hatua ya pili, huanza kunywa kwa siri, kusahau aliyoyafanya jana usiku, kukopa na kuvunja ahadi. Huapa kuacha na huwa anasema kweli, lakini hawezi.

Katika hatua ya tatu huamka akitetemeka mikono na kutokwa na jasho, na hatulii mpaka apate kile ambacho wanywaji huita "kutoa loki". Sasa hanywi ili astarehe, bali anakunywa ili asiugue. Wakati huo ini, kongosho, moyo na mishipa ya fahamu huwa vinaendelea kuharibika.

Jiulize maswali haya manne:

1. Umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze pombe?
2. Watu wamewahi kukuudhi kwa kulaumu unywaji wako?
3. Umewahi kuona aibu au kujilaumu kwa sababu ya pombe?
4. Umewahi kunywa asubuhi ili utulie au uondoe uchovu wa pombe ya jana?

Ukijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, muone daktari.

HATARI YA KUACHA GHAFLA

Pombe hufanya kazi kama breki za ubongo. Mtu anapokunywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha kwa kukanyaga mafuta zaidi ili usilale. Pombe ikiondolewa ghafla, breki huachiliwa huku mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho. Mambo hufuatana hivi:

- Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi.
- Katika siku mbili za kwanza: mgonjwa aweza kuanguka kama mtu mwenye kifafa.
- Siku ya pili hadi ya nne: baadhi yao huweweseka, huona wadudu au watu wasiokuwapo, hupata homa, na moyo hupiga mbio. Asipotibiwa, aweza kufa.

Si kila mlevi hufikia hali hiyo. Lakini aliyewahi kuanguka kifafa alipoacha pombe, au anayehitaji pombe kila asubuhi, asijaribu kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwenye kuweweseka hajarogwa wala hajapagawa. Sala ni njema, lakini mpelekeni hospitali kwanza. Akianguka kifafa, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu chochote mdomoni, na mtafuteni gari mara moja.

TIBA

Hatua ya kwanza ni kuondoa pombe mwilini kwa usalama. Daktari hutoa dawa kama diazepamu, ambayo huchukua nafasi ya breki zile, kisha huipunguza kidogo kidogo kwa muda wa siku kadhaa. Dawa hii nayo huzoeleka, kwa hiyo usiinunue dukani ukajitibu. Mgonjwa hupewa pia vitamini B1, ambayo waraibu wengi huikosa kwa kuwa hawali vizuri. Upungufu wake huharibu macho, mwendo na kumbukumbu, wakati mwingine bila kurudi tena. Maji ya glukosi ambayo wengi hukimbilia hayawezi kuchukua nafasi ya vitamini hiyo.

Hatua ya pili ni ndefu zaidi: kujifunza kuishi bila pombe. Hapa ushauri nasaha una nguvu kubwa. Matokeo ya utafiti uliofanywa hapa magharibi mwa Kenya, yaliyotolewa mwaka 2021, yalihusu watu 614 wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Waliofundishwa katika vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, jinsi ya kutambua na kushinda vishawishi walipunguza pombe kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla.

Zipo pia dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni. Dawa nyingine, disulfiramu, humfanya anayekunywa atapike na apumue kwa shida. Kamwe usimtilie mumeo dawa hiyo kwenye chai bila yeye kujua. Akinywa pombe baadaye, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla akafa.

Mgonjwa akirudia pombe, asifukuzwe. Mwenye kisukari ambaye sukari imempanda hatumwiti mwenye dhambi; tunaangalia upya matibabu yake. Mraibu naye anastahili hivyo hivyo.

LA KUFANYA

Zungumza naye akiwa hajalewa, bila matusi na bila watoto kusikia. Mweleze ulichokiona, si unavyomhukumu. Msiendelee kumlipia madeni ya pombe. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa Eldoret ina kitengo cha kutibu waraibu, na simu ya bure ya NACADA, 1192, hutoa ushauri. Wengi huchelewa kwa kuogopa macho ya majirani, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akitaka kuacha pombe leo, msimfungie mlango. Msindikizeni hospitali.