Kipimo cha Malengelenge: Damu ya Jumatatu Haijui ya Jumamosi

Mtu aliyetoka baa ya Mwanjelwa, Mbeya, Jumamosi usiku na mwenzi asiyemfahamu vizuri, kondomu ikapasuka au haikutumika kabisa, Jumatatu asubuhi utamkuta kwenye dirisha la maabara anaomba apimwe "kila kitu". Hofu yake ni ya kweli na hastahili kuchekwa. Lakini akitaka kujua kama usiku ule amepata malengelenge ya sehemu za siri, damu ya siku hiyo haina jibu. Tuanzie mbali kidogo ili sababu ionekane.

Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli. Kirusi cha malengelenge aina ya pili huingia pale ngozi laini inapogusana na ngozi laini, hata kama mwenye nacho haonyeshi kidonda chochote. Ndiyo maana kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza: inafunika uume, haifuniki mapaja wala kinena. Aina ya kwanza ndiyo ile ya vipele vya maji pembeni mwa mdomo mtu akitoka kuumwa homa, nayo yaweza kushuka sehemu za siri kwa njia ya ngono ya mdomo. Lakini hakiambukizwi kwa kukalia choo, kwa hiyo choo cha stendi kisikunyime usingizi.

Kirusi kikishaingia mwilini, dalili zikija huja kati ya siku 2 na 12. Unaanza mwasho au kuchoma, kisha vipele vidogo vyenye maji, vimejikusanya pamoja juu ya ngozi nyekundu. Baada ya siku chache vinapasuka, vinabaki vidonda vyenye maumivu makali hasa mkojo ukivigusa. Mara ya kwanza huchukua wiki 2 hadi 4 kupona. Wakati huo kirusi kimeshapanda kwa njia ya mshipa wa fahamu hadi karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na hapo kinakaa maisha yote. Dawa kama asiklovia hukizuia kisizaliane, lakini haikitoi mafichoni.

Sasa damu. Vipimo vingi vya damu havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Silaha hizo hazitengenezwi kwa siku mbili. Wengi huzipata baada ya wiki kadhaa, na ili uliamini jibu la kutokuwa nazo, subiri miezi 3. Kupima Jumatatu ni sawa na kupanda mahindi jana na leo kwenda kuhesabu magunzi.

Hapa watu wengi huumizana. Jibu la Jumatatu likisema unavyo virusi, basi kama ni la kweli, ulivipata kabla ya Jumamosi, pengine miaka mingi nyuma. Mwenzi wa usiku ule hana hatia hiyo. Na kama una mume au mke, jibu hilo halisemi nani alimletea nani, wala lini. Nyumba zimevunjika kwa karatasi ambayo haikusema walichodhani inasema.

Mwaka 2000 watafiti waliandikisha wanawake 600 wanaofanya kazi kwenye baa za Mkoa wa Mbeya. Asilimia 87 walikuwa na kingamwili za aina ya pili, lakini waliokutwa na vidonda siku ya uchunguzi walikuwa wachache sana wakilinganishwa na idadi hiyo. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: wengi wanaobeba kirusi hawajui, na hawakudanganya waliposema wako salama.

Tena kipimo cha damu hukosea. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, 100 kati yao ndio wenye virusi, na kipimo kinakosea mara 5 katika kila 100. Kitawabaini 95 kati ya wale 100, sawa. Lakini katika 900 wasio navyo, kitawaambia 45 kwamba wanavyo. Karibu theluthi ya waliopewa habari mbaya wamepewa habari ya uongo. Kule Rakai, Uganda, kipimo kilichozoeleka Marekani kilionekana kuwapa majibu ya namna hiyo watu wengi. Kwa hiyo kumpima damu mtu asiye na dalili yoyote, kwa ajili ya malengelenge tu, naona ni kununua wasiwasi.

Kipimo cha maana ni cha kidonda. Kipele kikiwa bado kibichi, mhudumu anakipasua, anazungusha pamba ya kijiti kwenye kitako chake, na maabara inatafuta kirusi chenyewe. Kikishakauka, nafasi imepita. Mahali pasipo na kipimo hicho, daktari hutibu kwa kuangalia dalili, akikumbuka na kaswende. Usikipake kipele dawa ya duka kabla daktari hajakiona, na usiamue mwenyewe: chunusi ya wembe, fangasi na mchubuko vyote huwasha, na mwenye hofu huviona vyote ni malengelenge. Mama mjamzito mwenye kidonda asisubiri hata siku moja, kwa sababu maambukizi mapya karibu na kujifungua yanaweza kumuua mtoto.

Kuna jambo moja ambalo kweli lina saa zake: kuzuia VVU. Utafiti wa taifa wa Tanzania wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 9.6 ya watu wazima wa Mbeya na asilimia 11.1 ya wale wa Iringa, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.4. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Ndugu yangu, kama ilikuwa Jumamosi usiku, Jumatatu hiyo bado una muda. Usiutumie kwenye foleni ya kipimo cha malengelenge. Nenda kituo cha afya, mwambie nesi kilichotokea bila kuficha, uombe dawa hizo leo.