Bei chee, lakini nani hulipia? Somo kutoka historia ya Primark

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Gikomba anajua kwamba bei ya chini haishuki kutoka mbinguni. Ama muuzaji amenunua mzigo mkubwa kwa mpigo, ama ameridhika na faida ndogo kwa kila kipande, ama yupo mtu nyuma yake aliyekubali kulipwa kidogo. Mwekezaji mdogo anayetazama hisa za kampuni ya nguo na viatu hana budi kujua ni lipi kati ya hayo matatu linaloleta faida anayogawiwa. Historia ya Primark, muuzaji mkubwa wa rejareja barani Ulaya, inafundisha jambo hilo kwa tarakimu.

Duka moja la Dublin

Primark ilianza mwaka 1969 katika mtaa wa Mary Street, Dublin, nchini Ireland, kwa jina la Penneys. Mwanzilishi wake alikuwa Arthur Ryan, aliyefariki mwaka 2019. Mtaji ulitoka kwa familia ya Weston, wenye kampuni ya vyakula ya Associated British Foods, yaani ABF, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la London. Ilipovuka kwenda Uingereza miaka ya 1970 ilibidi ibadili jina, kwani kampuni ya Marekani ya J.C. Penney ilikuwa na haki ya jina linalofanana na hilo. Nchini Ireland maduka yanaitwa Penneys hadi leo.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua kampuni mama hiyo bila kujua kuwa wanaijua. Mwaka 2006 ABF ilinunua asilimia 51 ya Illovo, kampuni ya sukari ya Afrika Kusini, na mwaka 2016 ikamaliza kununua hisa zilizobaki. Illovo ndiyo mbia mkubwa wa Serikali katika Kampuni ya Sukari ya Kilombero, wenye Bwana Sukari.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, mauzo ya Primark yalifikia kiasi cha pauni bilioni 9.4, nayo ilichangia zaidi ya nusu ya faida ya kundi zima.

Jinsi bei inavyoshushwa

Kwa miaka mingi Primark ilitumia fedha kidogo sana kwa matangazo. Haipeleki mizigo majumbani kwa wateja. Huagiza kwa wingi na mapema, mara nyingi katika miezi ambayo viwanda havina kazi nyingi. Faida kwa kila fulana ni ndogo, lakini fulana zenyewe huuzwa kwa mamilioni. Hizo ni mbinu halali ambazo muuza jumla yeyote anazifahamu.

Jambo la pili ni kwamba Primark haina kiwanda hata kimoja. Nguo na viatu hutengenezwa na wenye viwanda huru katika nchi kama Bangladesh, India na China, ambao vilevile hushonea makampuni mengine. Kwa hiyo mshahara wa mshonaji, usalama wa jengo na gharama ya umeme havionekani katika vitabu vya Primark. Kinachoonekana ni bei ya oda tu. Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Kanuni tisa

Mwaka 2006 Primark ilijiunga na Ethical Trading Initiative, muungano wa makampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya hiari ulioanzishwa Uingereza mwaka 1998. Muungano huo una kanuni tisa: kazi iwe ya hiari, wafanyakazi wawe huru kujiunga na vyama, mazingira ya kazi yawe salama, watoto wasiajiriwe, mshahara utosheleze maisha, saa za kazi zisipite kiasi, pasiwe na ubaguzi, ajira iwe ya kudumu, na pasiwe na unyanyasaji.

Haikuchukua muda kanuni hizo zikajaribiwa. Mwaka 2008 Primark ilivunja uhusiano na wauzaji watatu wa kusini mwa India baada ya kubainika kuwa kazi ya kutarizi ilikuwa imegawiwa majumbani, na watoto wakahusishwa. Kipindi cha televisheni ya BBC kuhusu suala hilo kilileta mzozo wake, na mwaka 2011 BBC ililazimika kuomba radhi kwa sehemu ya picha ambazo uhalisi wake ulitiliwa shaka. Hata hivyo kasoro ya msingi ilibaki pale pale: mkaguzi hukagua kiwanda alichopewa jina lake, wakati kazi inaweza kuwa imeshapelekwa mahali pengine.

Aprili 24, 2013

Rana Plaza lilikuwa jengo la ghorofa nane huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa kinyume cha sheria, na majenereta mazito yaliwekwa humo. Aprili 23, 2013 nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake, na jengo likaanguka asubuhi hiyo. Watu 1,134 walikufa na wengine wapatao 2,500 walijeruhiwa.

Kiwanda kimoja kati ya vilivyokuwamo, New Wave Bottoms, kilikuwa kikiishonea Primark. Ukaguzi wa kimaadili wa siku hizo uliangalia umri wa wafanyakazi, mishahara, saa za kazi na milango ya dharura. Uimara wa nguzo za jengo haukuwa katika orodha ya kawaida. Kiwanda kiliweza kufaulu ukaguzi kikiwa ndani ya jengo bovu.

Primark ilikuwa miongoni mwa makampuni ya kwanza kukiri hadharani kwamba oda zake zilikuwamo. Ilitoa chakula, malipo ya muda na fidia, jumla ya zaidi ya dola za Marekani milioni 14.

Mwekezaji anapaswa kuyatazama mahesabu hayo bila kupepesa macho. Katika mwaka ulioishia Septemba 2013, faida ya uendeshaji ya Primark ilikuwa kiasi cha pauni milioni 514. Mwaka uliofuata ilipanda hadi kiasi cha pauni milioni 662. Wateja hawakukimbia. Kwa maneno mengine, asiyetazama kitu kingine ila mstari wa mwisho wa hesabu asingejua kwamba lolote limetokea. Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji wa Bangladesh wakati jengo linaanguka kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, karibu dola 38. Kilipandishwa hadi taka 5,300 mwezi Desemba 2013.

Kutoka ahadi hadi mkataba

Badiliko kubwa lilikuja Mei 2013, makampuni ya nje yalipoanza kutia saini na vyama vya wafanyakazi Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo Bangladesh. Zaidi ya makampuni 200 yalijiunga, Primark ikiwamo, na wahandisi wakakagua viwanda zaidi ya 1,600.

Tofauti ya mkataba huo na kanuni za awali ni moja: unadaiwa kisheria. Vyama vya wafanyakazi vilipoona kampuni moja inasuasua, viliipeleka mbele ya waamuzi huko The Hague, na Januari 2018 ikakubali kulipa dola milioni 2.3. Mwaka huo huo Primark ilichapisha orodha ya viwanda vyake zaidi ya 1,000, jambo ambalo kabla ya hapo wauzaji wengi waliliita siri ya biashara.

Jaribio jingine lilikuja Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga maduka yake yote 376 katika nchi 12. Mauzo ya pauni milioni 650 kwa mwezi yakawa sifuri, na Primark ikasimamisha oda. Baada ya kelele, Aprili mwaka huo ilikubali kulipia oda nyingine za pauni milioni 370 zilizokuwa zimekamilika au ziko kwenye mashine. Kundi zima halikuyumba sana kwa sababu sukari, chai na mikate viliendelea kuuzwa. Mwenye kiwanda kimoja Dhaka hakuwa na sukari ya kumwokoa.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kununua hisa za muuzaji wa nguo au viatu, mwekezaji afungue taarifa ya mwaka na kutafuta majibu manne. Je, majina ya viwanda yamechapishwa? Je, ukaguzi unahusu jengo na wakandarasi wadogo, au makaratasi tu? Je, kampuni imefungwa na mkataba unaoweza kufikishwa mbele ya waamuzi, au imetoa ahadi ya hiari? Na oda ikivunjwa, gharama ya kitambaa kilichokwisha kukatwa inabaki kwa nani?

Swali la nne linamhusu zaidi mwenye karakana ya Nairobi au Dar es Salaam anayetamani oda ya nje. Oda kubwa huja na kanuni nene za maadili za kutia saini. Azisome, lakini asome kwanza kifungu cha malipo. Kanuni inayomtaka alipe mshahara mzuri, huku bei ya kipande ikiwa haiutoshi mshahara huo, imemhamishia mzigo yeye na washonaji wake.