Kagua Ufunguo Kabla ya Kuunganisha Majedwali

Faili la mauzo unalo, la bidhaa unalo, na bosi anataka ripoti kabla ya jioni. Usikimbilie kuchora grafu. Jumla za uongo huzaliwa mapema zaidi, pale majedwali yanapounganishwa.

Nitatumia programu ya Qlik Sense kwa sababu njia zote mbili za kuunganisha zimo humo: kuvuta kwa kipanya na kuandika skripti.

Kwa kipanya, kila jedwali huonekana kama duara, nawe unalivuta kuelekea jingine. Likiwaka kijani, programu ina uhakika na safu za kuunganisha, yaani ufunguo. Rangi ya chungwa, ina mashaka kidogo. Nyekundu, haijaona pa kushika. Hata kwenye kijani, fungua uone imechagua safu gani. Programu hulinganisha data tu, biashara yako haiijui. Kwa faili mbili tatu njia hii yatosha, na anayejifunza aanzie hapo.

Skripti inafaa pale faili zinapoletwa upya kila siku, zikiwa na uchafu uleule. Kanuni yake ni kwamba safu zenye jina moja huungana zenyewe, mradi herufi zilingane, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Urahisi huo ndio mtego. Tuseme Mauzo ina Namba_Bidhaa na Tarehe. Bidhaa nayo inazo zote mbili, ila tarehe yake ni ya siku bidhaa iliposajiliwa. Qlik itaunganisha kwa safu zote mbili na kuunda jedwali la ziada linaloanza na $Syn. Saruji iliyosajiliwa Januari na kuuzwa Machi itatokea kwenye ripoti bila jina. Dawa ni kubadili jina wakati wa kupakia:

Bidhaa:
LOAD
  Upper(Trim(Namba_Bidhaa)) AS Namba_Bidhaa,
  Jina,
  Tarehe AS Tarehe_Usajili
FROM [lib://Duka/bidhaa.xlsx]
(ooxml, embedded labels, table is Bidhaa);

Trim huondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni. Upper hugeuza herufi zote kuwa kubwa, maana kwa Qlik "b-014" na "B-014" ni bidhaa mbili. Safisha hivyo hivyo kwenye Mauzo. Ukisafisha upande mmoja tu, unaweza kuvunja hata muungano uliokuwa sawa.

Kosa linaloniuma zaidi kuliona ni la Left Join, amri ya skripti inayobandika safu za jedwali moja kwenye jingine. Ankara ya shilingi 100,000 imelipwa kwa awamu mbili. Ukiiandikia Left Join kutoka jedwali la Malipo, mstari wa ankara utajirudia kwa kila awamu, na mauzo yatasomeka 200,000. Hakuna onyo litakalotokea, na mwenye duka ataagiza mzigo kwa fedha asiyokuwa nayo. Acha Ankara na Malipo yabaki majedwali mawili yaliyounganishwa kwa Namba_Ankara pekee. Qlik itajumlisha kila moja mahali pake.

Ukishapakia, fungua mchoro wa majedwali uangalie kama kuna $Syn, au jedwali lililobaki peke yake bila mstari wa kuliunganisha. Kisha jumlisha mauzo kwenye faili la awali na ulinganishe na jumla ya Qlik. Zikipishana hata kwa shilingi moja, usiitume ripoti. Rudi kwenye ufunguo.