Kuhamisha Ukoo Pamoja na Picha Zake

Wanachama wenzangu, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Likizo ya Agosti niliandika ukoo wetu katika kompyuta ya mjomba: majina 64 na picha 11, mojawapo ikiwa ya marehemu babu, ya pekee tuliyo nayo. Nikabeba faili ya GEDCOM kwa fleshi hadi kompyuta nyingine yenye programu tofauti. Majina yote yakafika. Picha je? Jamani, hata moja! Nyanya akauliza, "Mjukuu wangu, babu yako umemtupa wapi?" Nikatahayari.

Kumbe kosa lilikuwa langu. GEDCOM, iliyobuniwa mwaka wa 1984, ni maandishi matupu. Mstari wa 0 huanzisha mtu au familia, wa 1 hutoa habari kama vile kuzaliwa, na wa 2 huongeza tarehe au mahali. Picha yenyewe haimo. Neno FILE hutaja tu ilikohifadhiwa, kama bahasha yenye anwani bila barua ndani.

Basi fanyeni hivi:
1. Wekeni picha zote katika folda moja.
2. Nakilini folda hiyo pamoja na faili.
3. Ielekezeni programu mpya kwenye folda hiyo.

Toleo 7.0 la mwaka wa 2021 lina furushi liitwalo GEDZIP, linalobeba vyote, mradi programu zote mbili zilielewe.

Nilirudi kwa mjomba, nikachukua folda, babu akaonekana. Nyanya alitabasamu. Wenzangu, msifute nakala ya kwanza kabla ya kuikagua ya pili!