SOMO LA UFUNDI: Kukereza kete kubwa za chesi

Chesi, au sataranji kama waitavyo watu wa pwani, imeingia katika shule nyingi za kaunti zetu. Baadhi ya shule na bustani za umma sasa zinapenda seti kubwa inayochezwa kwenye sakafu, wachezaji wakiwa wamesimama. Kwa kijana aliyehitimu chuo cha mafunzo ya ufundi na mwenye uwezo wa kutumia mashine ya kukereza, hii ni kazi ya kuleta kipato. Hata hivyo, kete kubwa haitengenezwi kama kete ndogo iliyoongezwa urefu. Ukubwa hubadilisha mbao, mashine na hatari.

Hasara yenyewe ni rahisi kuiona. Karakana inapokea malipo ya kwanza, inanunua gogo bichi na kulikereza wiki hiyo hiyo. Siku ya kukabidhi kazi, seti inang'aa. Kisha jua la Januari na Februari linawaka, mfalme anapasuka kutoka kichwani hadi kwenye kitako, na mwalimu mkuu anataka fedha zake zirudishwe.

Vipimo

Seti moja ina kete 32: wafalme 2, malkia 2, maaskofu 4, farasi 4, ngome 4 na vitunda 16. Shirikisho la chesi duniani, FIDE, linapendekeza mfalme wa mashindano awe na urefu wa takriban sentimita 9.5, na upana wa kitako uwe kati ya asilimia 40 na 50 ya urefu wa kete. Vipimo vya FIDE vikizidishwa mara 6, fundi atapata seti nzuri ya sakafuni:

- Mfalme: urefu sm 57, kitako sm 23
- Malkia: urefu sm 51, kitako sm 22
- Askofu: urefu sm 42, kitako sm 19
- Farasi: urefu sm 36, kitako sm 18
- Ngome: urefu sm 33, kitako sm 16.5
- Kitunda: urefu sm 30, kitako sm 15

Kila mraba wa ubao uwe sm 30 kwa sm 30. Ubao wote wa miraba 64 utakuwa na upande wa sm 240, na unaweza kupakwa rangi juu ya saruji.

Mbao

Mpingo ni adimu, hukua polepole na mara nyingi hauna unene wa kutosha. Mjakaranda una mbao nyeupe na laini kuchonga. Mwarobaini una mbao zenye wekundu. Miti hiyo miwili inaweza kutoa pande mbili za mchezo bila kutegemea rangi ya dukani. Kabla ya kukata mti au kusafirisha mbao, fundi amwulize afisa wa misitu wa eneo lake kuhusu vibali.

Mbao inapokauka husinyaa zaidi kuuzunguka moyo wa gogo kuliko kuelekea moyo huo. Kwa sababu hiyo gogo zima lenye moyo wake ndani karibu kila mara hupasuka. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila sm 2.5 za unene. Kwa hesabu hiyo, kipande kizima cha sm 23 kingehitaji karibu miaka 9. Hakuna mteja atakayesubiri.

Njia bora ni kupasua mbao za unene wa sm 5, kuacha moyo kando, kupaka rangi au nta kwenye ncha zake, na kuzipanga kivulini zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Mahali penye joto na upepo zinaweza kukauka mapema zaidi, lakini mizani ndiyo iamue. Fundi apime ubao mmoja kila mwezi. Uzito ukiacha kupungua, mbao iko tayari.

Kuunga

Mfalme akikerezwa kutoka kipande kimoja cha mraba, kipande hicho kitakuwa kizito sana hata kikiwa kikavu. Ni afadhali kuunga. Mbao tatu za sm 5 zinapigwa randa, zinapakwa gundi isiyoharibiwa na maji na kubanwa usiku kucha ili kupata mwili wa sm 15. Kitako kinakerezwa peke yake kikiwa kimefungwa kwenye bamba la mashine, kisha kinatobolewa tundu la kupokea ulimi wa mwili wenye upana wa sm 5.

Kichwa cha farasi hakikerezwi. Kitako chake kinakerezwa, kisha kichwa kinachongwa kwa mkono na kuungwa juu. Meno ya ngome na mkato wa askofu hukatwa kwa msumeno mashine ikiwa imezimwa na kete ikiwa imetolewa.

Mwendo wa mashine

Hapa ndipo watu huumia. Kete ya sm 4 ikizungushwa mara 2,000 kwa dakika, ukingo wake huenda kilomita 15 hivi kwa saa. Kitako cha sm 23 kwa mizunguko hiyo hiyo huenda karibu kilomita 87 kwa saa, kasi inayozidi ile matatu inayoruhusiwa barabarani. Kikichomoka, hakina breki.

Kwa hiyo kipande kikubwa kianzishwe chini ya mizunguko 500 kwa dakika hadi kiwe mviringo, na hata baada ya hapo kisizidi 1,000. Kabla ya kuwasha, fundi akizungushe kwa mkono kuhakikisha hakigusi kiegemeo cha patasi, kisha asimame kando. Avae kinga ya uso na barakoa ya vumbi, akunje mikono ya shati na kufunga nywele. Mashine izimwe kabla ya kupima, na kiegemeo kiondolewe kabla ya kupiga msasa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana kuweka vikinga kwenye mashine.

Vitunda 16 vinavyofanana

Kitunda cha kwanza kikikubalika, kisiuzwe. Kiwekwe nyuma ya mashine mahali kinapoonekana. Fundi aweke alama za shingo, tumbo na kitako kwenye kipande chembamba cha ubao, na aandike upana wa kila alama. Kila kitunda kipya kipimwe kwa ubao huo, wala si kwa macho. Vitako vyote vikerezwe kwanza, kisha shingo zote, kisha vichwa vyote. Mkono uliozoea hatua moja haukosei sana.

Mwishoni kila kete ipakwe vanishi pande zote, pamoja na chini ya kitako, kwa kuwa unyevu huingia pale paliposahauliwa.

Kupata soko

Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuziomba. Wanaotaka kujifunza kukereza waulize katika chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti kilicho karibu nao. Anayeanza aanze na kitunda. Akitoa vitunda 16 ambavyo mteja hawezi kuvitofautisha, na ambavyo havijapasuka baada ya kiangazi kimoja, yuko tayari kumkereza mfalme.