SOMO: SWALI LA BUNGENI NA JIBU LA WAZIRI

Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yalipa Bunge uwezo wa kumwuliza Waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hivyo, daraja la wilayani likivunjika na pamba ikakwama ghalani, Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa aweza kutakiwa kujibu.

Swali lisilo na ushahidi hupewa jibu la jumla. Katibu na ampatie Mbunge jina la daraja, tarehe, kilo zilizokwama na nakala za barua zilizopelekwa Halmashauri. Jibu likipungua, Mbunge huuliza swali la nyongeza.

Swali la kujadili: Je, chama chenu kimetunza kumbukumbu hizo?