Ng'ombe Akitulia, Maziwa Hushuka

Mfugaji, ng'ombe anayebana maziwa si mkaidi. Ndama anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nao huachia homoni iitwayo oksitosini. Kwa takribani dakika moja homoni hufika kiweleni na kushusha maziwa. Humo ubongoni pia humsaidia mama kumkubali ndama wake.

Ng'ombe akipigwa au akitishwa na mbwa, mwili hutoa adrenalini, na maziwa hayashuki. Watoto nyumbani hukosa, na ndama hudhoofu.

Fanya hivi:
- Mkamue mahali palepale, bila kelele wala fimbo.
- Ndama aanze kunyonya.
- Maziwa yakishuka, kamua mara moja. Nguvu ya homoni huisha baada ya dakika chache.
- Mwachie ndama sehemu yake.